Uchumba nchini Tanzania

Uchumba ni kipindi kati ya makubaliano ya kuoana na kufungwa kwa ndoa yenyewe. Nchini Tanzania kipindi hiki zamani kiliongozwa na wazee wa pande mbili. Siku hizi, kwa kawaida, vijana huchaguana wenyewe, kisha huzijulisha familia zao. Posa, mshenga na mahari bado vipo, lakini nafasi yake imebadilika.

Uchumba wa zamani

Katika makabila mengi wazazi ndio waliomtafutia kijana mke. Kabla ya kupeleka posa walichunguza ukoo wa msichana: kama kuna undugu wa damu, magonjwa ya kurithi, na kama ni watu wa kazi na wenye tabia njema. Baada ya hapo alitumwa mshenga, yaani mtu mzima mwenye heshima anayejua kuzungumza na wakwe. Ndoa ikipata mgogoro, yeye pia aliitwa kusuluhisha.

Mahari ilitofautiana. Wasukuma na jamii za wafugaji walitoa ng'ombe. Kwa Wachaga, pombe ya mbege ilikuwa sehemu muhimu ya mapatano. Kwa Wamakonde na makabila mengine ya kusini yanayofuata ukoo wa mama, mkwe alitarajiwa kuwafanyia kazi wazazi wa mke. Kwa Waislamu, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, si ya wazazi wake.

Msichana mara nyingi hakuulizwa, au aliulizwa wazee wakiwa wamekwisha kukubaliana. Katika baadhi ya jamii za wafugaji aliweza kuchumbiwa angali mtoto.

Mabadiliko

Shule, ajira za mishahara na miji viliwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali mbali na macho ya wazazi. Walijuana katika shule za bweni, vyuoni na katika Jeshi la Kujenga Taifa, wakaandikiana barua. Leo wengi hujuana kwa simu na mitandao ya kijamii.

Barua ya posa bado hupelekwa, lakini mara nyingi mshenga huenda kuomba kile ambacho wachumba wamekwisha kupatana. Mahari hulipwa zaidi kwa fedha, ingawa majina ya zamani kama mkaja wa mama yamebaki. Mafundisho ya unyago, yaliyotolewa na makungwi, kwa sehemu yamehamia kwenye kicheni pati za mjini. Gharama za harusi hukusanywa na kamati kwa michango ya ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao.

Uchumba na sheria

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kwamba ndoa ni muungano wa hiari. Kwa hiyo ridhaa ya wazazi haiwezi kuchukua nafasi ya ridhaa ya wanaooana. Ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikutolewa. Anayevunja ahadi ya kuoa au kuolewa anaweza kudaiwa fidia, lakini kwa gharama halisi tu zilizotumika kwa sababu ya ahadi hiyo.

Hata hivyo, sheria hiyo iliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na msichana chini ya miaka 18 alihitaji idhini ya baba, mama au mlezi. Hivyo kwa msichana mdogo uamuzi wa wazee uliendelea kuwa na nguvu ya kisheria. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, lakini tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu hiyo.

Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu pia ilirekebishwa: kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30.