Mkono wa Prescott

Kisa cha Alan Prescott husimuliwa zaidi kama kisa cha maumivu: nahodha wa Uingereza alivunjika mkono kule Brisbane, akacheza hadi kipenga cha mwisho, na timu yake ikashinda. Yote hayo ni kweli. Lakini sisi tuliosukuma skramu, pale pande mbili zinaposukumana kugombea mpira, tuna swali jingine la kuuliza kwanza: mkono ule ulikuwa na kazi gani?

Prescott alizaliwa 1927 huko Widnes, mji wa viwanda vya kemikali kaskazini magharibi mwa Uingereza. Raga ya huko ni ya wachezaji 13 kila upande. Ilijitenga na raga kongwe mwaka 1895, katika kikao cha Huddersfield, kwa sababu klabu za kaskazini zilitaka kuwafidia wachimba migodi na vibarua wa viwandani waliokatwa ujira kila walipoacha kazi kwenda kucheza. Prescott alianza kama winga katika klabu ya Halifax. Alipohamia St Helens alipelekwa mbele kabisa, akawa propu mwenye mbio za winga, na mtu wa namna hiyo ni taabu kumkaba. Mwaka 1956 aliinua Kombe la Challenge uwanjani Wembley baada ya kuwachapa Halifax wale wale 13-2, akatwaa na tuzo ya Lance Todd ya mchezaji bora wa fainali.

Miaka miwili baadaye aliiongoza timu ya Uingereza kwenda Australia. Mechi ya kwanza, Sydney, walilala 25-8. Ya pili ilikuwa Brisbane, tarehe 5 Julai 1958. Mchezo ulikuwa na dakika chache tu Prescott alipovunjika mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Wakati huo kanuni hazikuruhusu mchezaji wa akiba. Aliyetoka aliacha pengo. Haukupita muda mrefu mwenzake David Bolton naye akatoka na mtulinga uliovunjika. Wakabaki 12.

Hapo ndipo skramu inapoingia. Kanuni ya kuhesabu idadi ya kukabwa kabla ya kuuachia mpira ilikuja 1966. Mwaka 1958 timu iliyoupata mpira skramuni iliweza kukaa nao mpaka ikosee yenyewe. Kwa hiyo skramu moja iliyopotea ilimaanisha dakika nyingi za kukimbiza na kukaba, na wachache huchoka haraka. Propu ndiye anayemshikilia mwenzake wa katikati, yule anayeuchota mpira kwa mguu. Mshiko ukilegea bega linateleza, katikati panafunguka, na wanaokusukuma kutoka nyuma nguvu zao zinakwenda bure. Niliwahi kuingia skramuni na kidole kilichoteguka, na mabega yalipogongana maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Kidole tu. Yeye alikuwa na mfupa uliokatika.

Wakati wa mapumziko Uingereza ilikuwa mbele 10-2. Prescott angebaki chumbani hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hesabu ilikuwa wazi: Vince Karalius ameumia mgongo, Jim Challinor bega, Eric Fraser kiwiko. Nahodha akikaa, wanarudi 11. Akarudi. Karalius, mtu wa mbele, alisogezwa nyuma kuziba nafasi ya Bolton, kando ya Alex Murphy, kijana wa miaka 19 aliyechezea St Helens kama Prescott na Karalius. Murphy alifunga trai siku ile, na Australia ilipokuja juu tayari ilikuwa imechelewa: 25-18.

Ninamheshimu Prescott kuliko propu yeyote niliyewahi kusoma habari zake, na heshima hiyo hainizuii kusema kwamba kanuni ile ya kukataa wachezaji wa akiba ilikuwa mbaya. Ilimlazimu mtu achague kati ya mkono wake na wenzake. Mechi ya tatu, Sydney, Uingereza ilishinda 40-17 na kuchukua mfululizo wote, lakini bila yeye. Hakuichezea tena timu ya taifa. Aligeukia ukocha, na mwaka 1961 St Helens yake iliifunga Wigan 12-6 katika fainali ya Wembley, Murphy na Karalius wakiwa uwanjani. Mwaka 1964 wachezaji wa akiba waliruhusiwa hatimaye, kwa masharti: aliyeumia kabla ya mapumziko ndiye aliyeweza kubadilishwa. Prescott na Bolton wote wawili wangeingia katika sharti hilo.