Likizo: Bagamoyo au Ujiji?

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ya wanamaji niliikumbuka niliposikiliza ubishi wa jirani zangu wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wakipanga mahali pa kuwapeleka watoto likizo. Baba alitaka Bagamoyo, mama alitaka Ujiji.

"Mama Salma," alisema baba, "Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu kutoka hapa Dar es Salaam. Asubuhi tunaondoka, mchana watoto wako baharini. Ujiji ni mwisho wa nchi. Tutafuata nini huko?"

Mama akajibu: "Baba Salma, wazee wangu walitoka huko kwa miguu. Mimi sijafika hata kwa gari moshi."

Ndugu msikilizaji, huo si ubishi mdogo. Miji hiyo, mmoja wa pwani ya bahari na mwingine wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa ncha mbili za njia moja.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka pwani zilipanda nguo, shanga na bunduki. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliotekwa, wengi wakivushwa ziwa kutoka nchi ya Manyema, ambayo leo imo Kongo. Wapagazi, hasa Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kiasi cha frasila mbili kila mmoja. Waingereza Burton na Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, Juni 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858. Hiyo ni karibu miezi minane njiani. Wapagazi walilipwa ujira wao. Waliofungwa minyororo hawakulipwa kitu, wala hawakuulizwa wanataka kwenda mji gani.

Wengi wetu, Ujiji ikitajwa, tunakumbuka jambo moja tu: kwamba mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta hapo Dk. Livingstone. Salamu aliyomwamkia imejulikana dunia nzima. Lakini kabla Stanley hajamwona Livingstone, aliyetoka mbio kumpokea alikuwa Mwafrika, Abdalla Susi, mtumishi wa Livingstone.

Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Susi na mwenzake James Chuma waliwaongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Mwili ulizikwa London, Westminster Abbey, Aprili mwaka huohuo. Susi na Chuma nao walipelekwa Uingereza, lakini walifika mazishi yamekwisha. Basi mtu aliyempokea mgeni Ujiji ndiye huyohuyo aliyeifikisha maiti Bagamoyo. Anayetembelea mji mmoja tu, habari za Susi anazipata nusu.

Kuna jambo jingine linaloiunganisha miji hii: yote miwili ilinyang'anywa riziki na jirani mwenye bandari bora. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina. Ujiji nayo ilikimbiwa na maji. Mwaka 1878 Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa mno. Maji yakafungua njia katika Mto Lukuga, upande wa magharibi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa kiasi cha mita 10. Ufuko wa Ujiji ni wa tambarare, hivyo maji yakasogea mbali na mji. Kigoma, kilomita chache kutoka hapo, ina ghuba iliyokingika na yenye kina.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilipofika ziwani Februari 1914, baada ya kilomita zipatazo 1,250, ilikwenda Kigoma. Haikuanzia Bagamoyo, wala haikuishia Ujiji. Safari ya miezi ikawa ya siku, na wakongwe wawili wakaachwa pembeni.

Bagamoyo ilibahatika kuwa karibu na jiji. Wageni wanakwenda kuona magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868 na mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, kisha wanaoga baharini. Ujiji haikupata bahati hiyo. Anayefika huko ataona kumbukumbu ya Livingstone chini ya miembe, inayosemekana kuwa ni uzao wa mwembe ule wa zamani. Ataona mafundi wakiunda maboti ya mbao ufukweni. Atakula mgebuka, na dagaa ambao huku mjini tunawanunua bila kuuliza wanatoka wapi. Na atasikia Kiswahili cha watu ambao wazee wao walikuja na misafara hiyo, wengine kwa hiari na wengine kwa kamba.

Mwaka 2006 nchi yetu iliipendekeza njia hiyo kwa UNESCO, ikitaja Bagamoyo na Ujiji pamoja. Serikali imeona kwamba haitenganishwi. Sisi wananchi je? Hapa Kariakoo upo Msikiti wa Manyema. Ni wangapi kati yetu wanaopita mlangoni pake kila siku bila kujiuliza Manyema ni wapi, na jina hilo lilifikaje hapa?

Baba Salma aliniomba niamue. Nilimwambia kwamba Bagamoyo ni mji wa Jumamosi. Ukiamka mapema, unakwenda na kurudi, na mwezi ujao unaweza kwenda tena. Ujiji inahitaji likizo kamili, na likizo ya watoto ni chache kwa mwaka. Basi siku nyingi zipewe mji ulio mbali.

Isitoshe, watoto hao wana haki ya kujua. Bagamoyo watawaonyeshwa mahali mzigo ulipotuliwa. Ujiji watawaonyeshwa mahali wazee wa mama yao walipotwishwa.

Baba Salma alinyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya gari moshi ni kiasi gani.