Nani aliandika historia ya nyumba za Eastlands, na karatasi zake ziko wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikibomoa kijiji cha Pangani, mojawapo ya vijiji vya kwanza vya Waafrika mjini Nairobi, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo, katika mitaa ya mashariki mwa mji iitwayo Eastlands. Miongo minane baadaye tingatinga zilirudi, safari hii kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zenye jina lilo hilo la Pangani, ili kupisha maghorofa ya makazi ya bei nafuu. Wapangaji wa zamani walipewa pesa za kupanga kwingine pamoja na ahadi kwamba watakuwa wa kwanza kupewa nyumba mpya.

Bomoabomoa ya kwanza tunaijua kwa undani unaoshangaza. Tunajua ni akina nani waliozijenga zile nyumba, pesa walizipata wapi, na walipofika Shauri Moyo walipewa haki gani: waliruhusiwa kukaa na kupangisha maadamu wako hai, lakini mwenye nyumba akifariki, haki hiyo ilimfuata kaburini na nyumba ikarudi mikononi mwa manispaa. Mtu aliyetoka kwao akaweka akiba miaka kumi au ishirini ili apate vyumba vya kumrithisha mwanawe aliambiwa kwamba hana cha kurithisha. Jambo hilo lingefukiwa zamani pamoja na waliotendewa, kama si mwanahistoria Mmarekani Luise White, aliyekuja Nairobi katika miaka ya 1970 na kuketi na vikongwe wa Pumwani na Shauri Moyo akiwasikiliza. Kitabu chake, The Comforts of Home, kilichapishwa Chicago mwaka 1990, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Herskovits, inayotolewa kwa vitabu bora kuhusu Afrika.

Kitabu hicho kinazungumzia wanawake waliouza miili yao katika Nairobi ya ukoloni, na wengi hukitaja kwa sababu hiyo tu. Mimi nakisoma kama kitabu cha nyumba. White anaonyesha kwamba mapato ya wanawake hao yaliingia kwenye udongo, fito na mabati, na kwamba wengi wao walizeeka wakiwa wenye nyumba wanaoheshimiwa mtaani. Kabla yake, Mwingereza Janet Bujra alikuwa ameshachunguza umiliki wa nyumba za Pumwani, na makala zake za 1973 na 1975 ziliweka wazi nafasi ya wanawake katika ujenzi wa mji huu tangu siku za mwanzo. Manispaa ilipoianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilipima ploti tu. Nyumba zenyewe, zile za korido katikati na vyumba pande mbili kama za pwani, zilijengwa na wananchi kwa mikono na fedha zao. Akina mama hao wanastahili kutajwa miongoni mwa wajenzi wa kwanza wa Nairobi, wala si kwa upendeleo.

Mitaa ya kanjo iliyofuata ina historia ya namna nyingine, kwa sababu hiyo ilianzia mezani kwa wachoraji. Kwa miaka mingi sheria ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake mahali pa kulala, na mahali penyewe palikuwa ni kitanda tu. Mfanyakazi alihesabiwa kama kapera hata kama alikuwa na mke na watoto wanne kijijini. Ndipo pakazuka vyumba vya Kariokor, na nyumba za Reli kule Muthurwa na Makongeni, zenye choo na bafu za kushirikiana. Vita vya Pili vya Dunia vilijaza mji watu, mgomo wa Mombasa wa 1939 uliwatia watawala hofu, na mwaka 1941 manispaa ikaandikiwa ripoti maalumu kuhusu makazi ya Waafrika. Miaka michache baadaye ikaanza kujengwa Kaloleni.

Ukiingia Kaloleni utaona mara moja kwamba aliyeuchora mtaa huu alikuwa na familia akilini. Nyumba ni za chini, zina kuta za mawe na paa za vigae, na zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi. Njia zake zinapinda, hazikukatwa kwa rula. Katikati pana ukumbi wa mikutano, na karibu yake maktaba. Wazee wa mtaa husimulia kwamba mateka wa vita wa Kiitaliano walishiriki katika ujenzi. Ukumbi huo ulipata sifa ya bunge la Waafrika kutokana na siasa zilizochemka ndani yake kuelekea uhuru. Wazo la mtaa wa bustani lilitoka Uingereza, na mwaka 1948 likatiwa muhuri katika mpango mkuu wa mji uliotayarishwa na wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini: Thornton White, Silberman na Anderson. Wao walitaka wafanyakazi wakae katika vijiji vidogo ndani ya mji, kila kimoja kiwe na shule, duka na uwanja wake. Kwamba wazo zuri namna hiyo liliwekwa ndani ya mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi ni jambo ambalo mwanahistoria yeyote wa majengo ya Nairobi hawezi kulikwepa.

Katika miaka ya 1950 kasi iliongezeka. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na serikali ilitaka mfanyakazi atulie mjini na familia yake. Kamati ya Carpenter ya 1954 ilisema wazi kwamba mshahara upimwe kwa mahitaji ya familia na si ya kapera. Uingereza ikatoa mkopo wa pauni milioni 2. Mbotela ikapewa jina la Tom Mbotela, diwani aliyeuawa Novemba 1952, na mitaa ya Ofafa ikapewa jina la Ambrose Ofafa, diwani mwingine aliyeuawa mwaka uliofuata. Kandarasi za nyumba za wakati huo zilizua kashfa kubwa hadi tume ya uchunguzi ikaketi kuyachunguza mambo ya baraza la jiji na kutoa ripoti mwaka 1956. Habari hiyo ilifukuliwa na mwanahistoria David Anderson katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Azania mwaka 2001. Mkazi wa Jericho au Maringo anayelalamikia kanjo leo akiisoma makala hiyo, ataona kwamba babu yake alilalamikia mambo hayo hayo.

Baada ya uhuru kalamu ilihamia pia mikononi mwa wasanifu majengo wenyewe. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha kitengo cha utafiti wa makazi, ambacho baadaye kiligeuka kuwa taasisi ya utafiti wa nyumba na ujenzi. Andrew Hake, aliyelitumikia Baraza la Makanisa mjini tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukaa zaidi ya miaka kumi, aliandika African Metropolis, kilichotoka 1977, akihoji kwamba watu maskini ndio waliokuwa wakiijenga Nairobi kwa haraka kuliko serikali. Dandora ilikuwa imeanza miaka miwili kabla ya hapo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikiwa na ploti zipatazo 6,000, na ilikuwa kama kumjibu Hake hata kabla kitabu hakijatoka: serikali itoe ardhi, maji na choo, mwananchi ajijengee.

Katika kundi hilo lote, kazi ninayoiona kuwa na thamani ya pekee ni ya Peter Makachia, msanifu majengo Mkenya. Alizichagua Kaloleni na Buru Buru, mtaa wa mfanyakazi wa mkoloni na mtaa wa tabaka la kati la miaka ya 1970, akachunguza jambo ambalo maafisa wa jiji huliita uharibifu: vyumba vilivyoongezwa na wakazi. Wasanifu wengi huchora nyumba kama ilivyokabidhiwa siku ya kwanza. Makachia aliichora kama ilivyo sasa, pamoja na kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa nyuma, chumba cha mtoto wa kiume aliyeoa, duka lililotobolewa kuelekea barabarani, na ghorofa iliyopandishwa juu ya nyumba ya Buru Buru. Alichapisha sehemu ya matokeo yake mwaka 2011, na hoja yake ni kwamba mabadiliko hayo yana mantiki na kwamba wapangaji wa mji wangejifunza kutokana nayo. Naafiki. Nyongeza hizo ndizo kumbukumbu za familia: ukizisoma kwa mpangilio unajua ni lini mtoto alizaliwa, ni lini kazi ilipotea, ni lini mpangaji wa kwanza aliingia.

Mwanaanthropolojia Constance Smith naye aliishi na watu wa Kaloleni alipokuwa akifanya utafiti wa kitabu chake Nairobi in the Making, kilichochapishwa 2019. Anaeleza jinsi wakazi wa nyumba ambazo kisheria si zao wanavyozitunza na kuzikarabati kana kwamba ni zao, huku wakisikia kila mwaka kwamba mipango ya jiji jipya itaufuta mtaa wao.

Sasa swali la karatasi. Mwaka 1939 moto uliteketeza sehemu ya nyaraka za makao makuu ya serikali ya kikoloni hapa Nairobi. Zilizonusurika na zilizofuata zipo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, na nakala za filamu za sehemu kubwa zilipelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, katika miaka ya 1960. Maafisa wengi wa kikoloni waliacha karatasi zao Oxford. Msanifu Mjerumani Ernst May, aliyesifika kwa mitaa aliyoijenga Frankfurt katika miaka ya 1920, aliishi Kenya hadi 1953 na kubuni nyumba ya Mwafrika ya vipande vya zege vinavyounganishwa. Karatasi zake ziko Nuremberg. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, maelfu ya majalada iliyoyaondoa katika makoloni yake, Kenya ikiwemo. Anderson, yule yule wa makala ya nyumba, alikuwa mmoja wa wanahistoria waliotoa ushahidi katika kesi hiyo.

Kwa hiyo kijana wa Ziwani anayetaka kujua mtaa wake ulichorwaje anahitaji tiketi za ndege. Na hata akibaki Nairobi, tasnifu ziko chuoni, vitabu vyenyewe bei yake ni ya maktaba za Ulaya, na karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza cha wasomi. Wanaoishi ndani ya nyumba hizo ndio wa mwisho kuusoma utafiti uliofanywa juu yao. Hilo linaniuma kuliko hata tingatinga.

Wala si suala la kumbukumbu tu. Mwaka 2010 wakazi wa Muthurwa walikwenda mahakamani baada ya kupewa notisi ya kuhama na wamiliki kuanza kubomoa. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikiukwa na akaitaka serikali itunge utaratibu wa kuwahamisha watu kwa utu. Katika mashauri ya namna hiyo, mtu mwenye kadi ya kodi ya baba yake, risiti za kanjo na mchoro wa nyumba ana la kusema mbele ya hakimu. Asiye nazo hubaki na neno lake dhidi ya neno la ofisi.

Mahali pa kuziweka karatasi hizo tayari papo. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Zina meza, rafu, watoto wa shule wanaoingia na kutoka. Shirika hilo limekuwa pia likizitia picha na nyaraka za McMillan katika mfumo wa dijitali. Kinachokosekana ni rafu moja ya Eastlands yenyewe: nakala za White, Bujra, Hake, Makachia na Smith, nakala za michoro ya mitaa kutoka City Hall na Hifadhi ya Kitaifa, na mukhtasari wa kila utafiti kwa Kiswahili.

Serikali ya kaunti iweke sharti moja katika kila mradi wa kujenga upya mitaa hii: nyumba isibomolewe kabla haijapimwa, kuchorwa na kupigwa picha, nyongeza zake zote zikiwemo, na nakala ikabidhiwe maktaba ya mtaa. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa usanifu majengo wanaotafuta mada za tasnifu, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Nawe msomaji uliyezaliwa Bahati, Shauri Moyo, Makongeni au Jerusalem, lifungue lile sanduku la mzee. Kadi ya nyumba, risiti, barua ya kanjo, picha iliyopigwa mbele ya mlango: zipige picha, andika nyuma yake mwaka na namba ya nyumba, kisha zipeleke nakala Makadara au Kaloleni kabla hujahama.