Klasi gani? Historia ya kabini, sitaha na majina ya wasafiri, toka Lubumbashi mpaka Ziwa Tanganyika

Anayenunua tiketi ya safari ndefu, iwe gare ya Lubumbashi au bandari ya Kalemie, huulizwa mambo matatu: unaenda wapi, mko wangapi, na klasi gani. Maswali mawili ya kwanza yana jibu jepesi. La tatu linagusa mfuko, na watu wengi hulijibu kwa kuangalia bei tu. Lakini klasi, au daraja kama wanavyosema ndugu wa Tanzania, ina historia ndefu katika njia za reli na za maji za Katanga. Inaonyesha nani alilala kitandani na nani alilala juu ya magunia. Inaonyesha pia jambo ambalo halisemwi pale dirishani: jina la nani liliandikwa.

Reli kwanza, maji baadaye

Lubumbashi haina ziwa wala mto wa kupitisha meli kubwa, lakini tangu mwanzo maisha yake yamefungamana na meli. Reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 ikafika Bukama, ambako mto Lualaba unaanza kupitika kwa meli. Upande wa mashariki, reli nyingine iliyotoka Kabalo ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, pale Albertville, ndiyo Kalemie.

Kati ya reli hizo mbili palikuwa na pengo. Kipande cha Kamina mpaka Kabalo kiliunganishwa mwaka 1956 tu. Kwa karibu miaka 40, mtu wa Elisabethville aliyekwenda ziwani alipanda treni mpaka Bukama, akashuka na mizigo yake, akapanda meli ya mto mpaka Kabalo, akashuka tena, akapanda treni ya pili mpaka Albertville. Aliyekwenda Léopoldville naye alichanganya reli na maji. Mwaka 1928 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alifungua reli ya kwenda Port-Francqui, ndiyo Ilebo, na kutoka hapo abiria waliteremka kwa meli katika mto Kasai na mto Congo.

Safari moja ilikuwa na vyombo viwili au vitatu, na katika kila chombo msafiri aliwekwa mahali pake.

Kabini ya nani?

Zamani za ukoloni, mahali pa mtu hapakupangwa na pesa peke yake. Kabini za meli za mto, zenye kitanda, chandarua na meza ya chakula, zilikuwa za Wazungu. Waafrika wengi walisafiri juu ya sitaha au juu ya majahazi yaliyofungwa ubavuni mwa meli, pamoja na kuni na mizigo. Kila familia ilibeba mkeka, sufuria na unga wake. Kwenye treni hali ilikuwa hiyo hiyo: mabehewa ya mbele kwa wengine, mabehewa ya mbao kwa wengine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika waliosoma, walioitwa évolués, walianza kuuliza kwa nini mtu mwenye mshahara, suti na tiketi mkononi asikae alipolipia. Serikali ya kikoloni ilitoa kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaleta utaratibu mwingine wa kuwaandikisha wachache kama watu wa hadhi sawa na Wazungu. Waliopata karatasi hizo walikuwa kidogo mno. Nafasi ndani ya treni na meli ikabaki moja ya manung'uniko yaliyowauma, kwa sababu lilikuwa jambo la kuonekana mbele ya watoto na wake zao.

Uhuru wa 1960 uliondoa rangi kwenye tiketi. Klasi zenyewe zilibaki, na bei ikawa ndiyo mlango.

Meli iliyofika ndani ya masanduku

Meli inayojulikana kuliko zote kwenye Ziwa Tanganyika ni Liemba. Iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimeanza.

Wabelgiji walikuwa ng'ambo ya pili, na mwaka 1916 ndege zao zilizokuwa karibu na Albertville zilivuka ziwa kushambulia Kigoma. Wajerumani walipoona wameshindwa, waliizamisha wenyewe meli hiyo mwezi wa saba mwaka huo, baada ya kupaka mitambo grisi nyingi ili isioze. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo. Kwa miaka mingi ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama kwenye vijiji vingi visivyo na gati. Hapo mitumbwi ilikuwa ikija mbio ubavuni mwake, na watu, samaki na magunia vikipandishwa usiku kwa usiku.

Mpango wa vyumba vyake unafundisha klasi ni nini. Kabini za klasi ya kwanza zilikuwa juu, zenye vitanda viwili na dirisha. Za klasi ya pili zilikuwa chini, zenye vitanda vinne na hewa kidogo. Klasi ya tatu ilikuwa viti, na abiria wazoefu wengi waliviacha wakatafuta pembe ya sitaha, maana upepo wa nje ulikuwa na nafuu kuliko joto la ndani. Kilichouzwa hapo kilikuwa hewa, giza la kulalia na umbali na msongamano. Ndiyo maana kabini ya juu ilikuwa na bei kubwa ijapokuwa meli ilifika kwa wote saa ile ile.

Siku ambazo hakuna aliyechagua

Kuna safari ambazo hakuna aliyeulizwa klasi. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilitumia Liemba kurudisha nyumbani watu zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbia vita vya Zaire. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo iliitwa tena. Warundi zaidi ya 50,000 walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, na Liemba iliwapeleka Kigoma, kama 600 kwa safari moja. Kagunga hakuna gati. Wazee, wagonjwa na watoto walipelekwa kwenye meli kwa mitumbwi.

Katanga nayo ina kumbukumbu yake ya uchungu. Mwaka 1992 na 1993 familia za Kasai zilizofukuzwa Likasi na Kolwezi zililala gare kwa majuma na miezi zikingoja treni ya kwenda jimbo ambalo watoto wao wengi hawakuwahi kuliona. Wengi walifia hapo gare au njiani. Na mwaka 2025, Bukavu ilipoanguka mwezi wa pili, familia nyingi za Kivu ya Kusini zilishuka Uvira zikapanda maboti mpaka Kalemie. Baadhi ya wanaosoma habari hii wanaijua safari hiyo kuliko kitabu chochote.

Aliyelipa kidogo hakuandikwa

Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya meli ilionyesha watu 443 wa klasi ya kwanza na ya pili. Wa klasi ya tatu hawakuwa na orodha. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, na makadirio mengi yanapita 800, lakini hesabu kamili haikuweza kupatikana. Sababu si maji peke yake. Aliyelipa kidogo hakuandikwa, na asiyeandikwa hawezi kutafutwa kwa jina.

Jambo hilo limejirudia karibu na nyumbani. Mwezi wa tatu 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, jimbo la Lualaba, ikiwa na mamia ya watu waliopanda kwa siri, bila tiketi. Watu wasiopungua 75 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na barabara ya nchi kavu ilikuwa imefungwa na vita. Kila mara maswali ya familia yalikuwa yale yale: alipanda kweli? Alikuwa na nani? Nani alimwona?

Ulaya nayo ilijifunza kwa msiba. Titanic ilipozama mwaka 1912, karibu wanawake wote wa klasi ya kwanza waliokoka, lakini wa klasi ya tatu karibu nusu walikufa. Vyumba vyao vilikuwa chini, mbali na mashua za kuokolea. Baada ya hapo mataifa yalikubaliana kwamba kila aliye melini awe na nafasi katika mashua ya kuokolea, bila kujali alilipa nini.

Kabini yenye barza

Kiwanda cha Papenburg kilichounda Liemba bado kipo. Leo kinaunda meli kubwa za utalii zinazobeba maelfu ya watu, na ubavuni mwake zimepangwa barza ndogo ndogo, kama nyumba ya ghorofa inayoelea. Jamaa walioko Ulaya na Marekani wakati mwingine hutuma picha kutoka huko, na wengine wanafanya kazi ndani ya meli za namna hiyo. Mpango wao ni ule ule wa Liemba, umepanuliwa tu.

Kuna kabini ya ndani, isiyo na dirisha, ambayo ndiyo rahisi. Kuna yenye dirisha lisilofunguka. Kuna yenye barza, ambapo mtu anafungua mlango akakaa nje peke yake. Na kuna zile kubwa zenye sebule. Lakini neno barza kwenye tiketi halisemi yote. Barza moja inaweza kuwa mbele ya mashua ya kuokolea iliyoning'inia, na msafiri akaona chuma mahali pa bahari. Nyingine iko juu ya ukumbi wa muziki, na usingizi haupatikani. Ya mbele kabisa au ya nyuma kabisa huyumba zaidi; ya katikati na ya chini hutulia. Kuna pia tiketi ya bei nafuu inayoahidi aina ya kabini tu, na kampuni ndiyo inayochagua chumba gani. Na bei huandikwa kwa mtu mmoja, kabini ikihesabiwa kuwa na watu wawili, hivyo anayesafiri peke yake hulipa karibu sawa na wawili.

Mabaharia wa Tanganyika walijua mengi ya hayo bila karatasi. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini unapolivuruga ziwa, mwenye kabini ya juu anaona vizuri na anatapika vizuri, na aliyelala katikati ya sitaha, karibu na mitambo, analala.

Mambo ya kuuliza dirishani

Historia hii inaacha maswali machache yanayofaa kuulizwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kabini iko wapi: juu au chini, katikati au pembeni? Ina hewa? Makoti ya kuokolea yako wapi, na ya watoto yapo? Chombo kina ruhusa ya kubeba watu wangapi, na wamekwisha kupanda wangapi?

Swali la mwisho ndilo la bei ndogo na thamani kubwa: jina langu limeandikwa? Mama anayepanda boti Uvira na watoto wanne, asiyekuwa na pesa ya kabini, ana haki ya kuona majina matano katika orodha, si "mama na watoto". Mahali ambapo orodha haipo, jamaa aliyebaki ufukoni aandike mwenyewe: jina la boti, siku, saa, nani na nani. Karatasi hiyo ibaki kwa asiyesafiri. Msalaba Mwekundu, katika kazi yake ya kuunganisha jamaa waliopotezana, huanza na mambo hayo hayo: jina kamili, majina ya wazazi, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na alikuwa na nani. Familia nyingi zilizoko Lubumbashi leo zinatafuta mtu ambaye walimwona mara ya mwisho akipanda chombo. Wenye kipande cha tiketi au jina la boti wana pa kuanzia.