Sheria ya 1798 Inayomhukumu Mtu kwa Alikozaliwa

Julai 6, 1798, Rais John Adams wa Marekani alitia saini sheria inayompa rais mamlaka ya kuwakamata, kuwaweka kizuizini na kuwafukuza raia wa nchi iliyo vitani na Marekani. Wakati huo taifa hilo changa lilikuwa likizozana na Ufaransa baharini, na hofu ya majasusi ilikuwa imetanda. Sheria hiyo ilikuwa moja kati ya nne zilizopitishwa mfululizo. Kufikia mwaka 1802, tatu zilikuwa zimekoma au kufutwa. Hii ingali hai. Vita vikitangazwa, au nchi ikivamiwa au kutishiwa kuvamiwa, kila mtu wa taifa adui (awali wanaume pekee) mwenye umri wa miaka 14 na kuendelea, asiye na uraia wa Marekani, anaweza kuondolewa hata kama hana kosa. Hapo ndipo ulipo ubovu wake: haimuulizi mtu ametenda nini, inamuuliza ametoka wapi.

Historia imeonyesha matokeo yake. Mwaka 1917, Rais Woodrow Wilson aliwakataza Wajerumani kufika ndani ya nusu maili kutoka kwenye ngome au ghala la silaha. Mwaka uliofuata waliandikishwa, wakapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na sheria ikapanuliwa hadi kwa wanawake. Desemba 1941, Franklin Roosevelt aliitumia dhidi ya Wajapani, Wajerumani na Waitaliano. Takribani watu 31,000 wakaishia kambini. Katika kambi ya Crystal City, Texas, watoto waliozaliwa Marekani, raia kamili, waliishi nyuma ya seng'enge pamoja na wazazi wao. Kuna wanaosema wazazi hao wangeomba uraia mapema. Lakini wahamiaji wa Kijapani walizuiwa kisheria kupewa uraia huo hadi mwaka 1952. Waliadhibiwa kwa kukosa kitu ambacho serikali yenyewe iliwanyima.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni kwamba vitani hakuna nafasi ya kumchunguza mtu mmoja mmoja, na jasusi mmoja anaweza kuangamiza maelfu. Hatari hiyo ni ya kweli, ila Uingereza ilithibitisha kwamba uchunguzi unawezekana. Mwaka 1939 iliunda mabaraza yaliyowahoji Wajerumani na Waaustria zaidi ya 70,000. Walioonekana hatari kiasi cha kufungwa mara moja hawakufika 600. Wengi wa waliobaki walikuwa wakimbizi waliomkimbia Hitler. Mwaka 1940 woga ulitawala, na watu wakakamatwa kwa makundi. Julai 2, meli ya Arandora Star, iliyokuwa ikiwapeleka Waitaliano na Wajerumani kizuizini Kanada, ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani. Zaidi ya watu 800 walikufa, wakiwemo Waitaliano wengi waliokuwa wamekamatwa bila kusikilizwa.

Wengine hujibu kwamba sheria hii ni ya vita tu, na vita huisha. Lakini mwaka 1948, miaka mitatu baada ya Ujerumani kusalimu amri, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba Mjerumani Kurt Ludecke bado angeweza kufukuzwa, kwa sababu serikali haikuwa imetangaza kwamba vita vimekwisha. Machi 2025 sheria ilitumika bila vita vilivyotangazwa, dhidi ya Wavenezuela waliodaiwa kuwa wa genge la Tren de Aragua. Zaidi ya 130 walipelekwa gerezani El Salvador. Mwezi uliofuata mahakama hiyo ilisema wanaolengwa lazima wapewe taarifa na nafasi ya kupinga.

Agizo hilo ni la haki, lakini halipaswi kutegemea hisani ya majaji. Mkataba wa Geneva wa 1949 tayari unataka kizuizi cha mgeni kitumike pale tu usalama unapokilazimu, na kipitiwe upya na mahakama au baraza. Bunge la Marekani liandike sharti hilo ndani ya sheria yenyewe: asiondolewe mtu kabla ya kusikilizwa, na serikali ithibitishe hatari yake kwa matendo yake. Nchi itakayofanya hivyo itawakamata majasusi wake vilevile, na haitawatesa wasio na hatia kwa kisingizio cha kujilinda.