Kunuka kinywa: dawa ya Kichina inafika wapi?

Mtu wa Keshero mwenye kunuka kinywa anaweza kuona haya kwenda kwa dantiste, akaanzia kwa chai ao unga wa Kichina.

Waganga wa Kichina wanasema mara nyingi shida ni "moto wa tumbo". Basi wanatoa mimea ya kupooza, kama nana, na kukataza pilipili, mafuta na pombe. Karafuu nayo ni ya zamani: wakati wa ufalme wa Han, karibu miaka 2000 iliyopita, wakubwa wa serikali walitia karafuu mdomoni mbele ya kusema na mfalme. Inafunika harufu, lakini chanzo kinabaki.

Na chanzo, mara nyingi, kiko mdomoni mwenyewe: mikrobe nyuma ya ulimi, ufizi wenye kutoka damu, jino lililotoboka. Mswaki mara mbili kwa siku, na ulimi usuguliwe pia. Hata siku maji ni ya kutafuta na bidoni, kikombe kimoja kinatosha.

Paketi isiyoandika majina ya mimea, iache. Kule Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina, Aristolochia.

Harufu ya matunda yaliyoiva sana, pamoja na kiu na kukojoa ovyo, inaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Hiyo si ya chai: hospitali, siku ile ile. Na mtoto anayenuka tundu moja la pua? Pengine ameingiza haragi, apelekwe atazamwe.