Historia ya Kutafuta Gesi ya Galaksi za Mbali
Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi ambayo sehemu yake kubwa ni molekuli za haidrojeni, lakini molekuli hiyo, kwa kuwa imeundwa na atomu mbili zinazofanana, haitoi mawimbi ya kupimika katika baridi kali ya mawingu hayo. Ilibidi itafutwe gesi nyingine ya kuishuhudia. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias, wakitumia darubini ya redio ya Kitt Peak, Arizona, walinasa mawimbi ya kaboni monoksidi kutoka nebula ya Orion, wingu kubwa la gesi na vumbi, katika masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya gigahezi 115. Gesi hiyo ni haba mno, ila kwa kuwa huchanganyika na haidrojeni, ikawa kipimo chake.

Galaksi jirani zilipimwa katika muongo huohuo. Za mbali zilisubiri hadi mwaka 1991, Robert Brown na Paul Vanden Bout walipotangaza kuwa wameipata gesi hiyo katika IRAS F10214+4724, galaksi ambayo mawimbi yake yamesafiri kwa zaidi ya miaka bilioni 10. Kiasi kilichokadiriwa kilistaajabisha, na kwa kweli kilipita kiasi: vipimo vilivyofuata vilikipunguza, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikabainika kwamba galaksi nyingine, iliyo kati yake na Dunia, huyapinda mawimbi hayo kwa uvutano wake na kuyakuza. Ugunduzi wenyewe haukubatilika, ingawa ulitegemea bahati kuliko ilivyodhaniwa.

Mtambo wa ALMA wa Chile, wenye antena 66, uliozinduliwa mwaka 2013, uliongeza sana uwezo wa kuona, ila huchunguza kipande kidogo tu cha anga kwa wakati mmoja, na galaksi hafifu, ambazo ndizo nyingi, bado huuponyoka. Ndiyo maana mradi wa COMAP, unaotumia darubini ya mita 10.4 huko Owens Valley, California, hautafuti galaksi mojamoja, bali hupima jumla ya mawimbi ya galaksi zote za eneo pana, katika gigahezi 26 hadi 34, kwa kuwa kupanuka kwa ulimwengu kumeyashusha masafa yake. Matokeo yake ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2022, hayakutoa ramani ya gesi, bali kikomo ambacho nguvu ya mawimbi hayo haiwezi kukizidi.